Nitajuaje kwamba sababu zangu zimegeuka kuwa visingizio?

Nia Njema (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu kwa heshima.

Nina umri wa miaka 38 na kazi yangu ni ukarani wa masjala. Miaka minane iliyopita nilianza kusomea cheti cha uhasibu kwa masomo ya jioni, nikafaulu mitihani minne kati ya sita, kisha nikasimama. Kila aliyeniuliza kwa nini sijamaliza nilimpa maelezo ambayo hadi leo naamini yalikuwa ya kweli: watoto walikuwa wadogo na nyumba haikuwa na utulivu, mkuu wangu wa kazi alikuwa akibadilisha zamu bila taarifa, nami nilikuwa nikirudi jioni nimechoka kiasi cha kushindwa kushika kalamu. Hakuna hata moja nililolitunga.

Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha droo ya meza yangu nikakuta shajara tatu za zamani. Nina desturi ya kuandika malengo yangu katika ukurasa wa kwanza kila mwaka unapoanza. Katika shajara ya kwanza niliandika kwamba nitarudi masomoni mambo yakitulia. Katika ya pili, ya miaka miwili baadaye, maneno ni yale yale, isipokuwa niliongeza kuwa mkuu mpya wa kazi naye ni mgumu. Kufikia ya tatu watoto walikwisha kuanza shule na mkuu yule alikwisha kuhamishwa, na bado niliandika "mambo yakitulia", kwa wino ule ule wa bluu, kana kwamba nilikuwa nanakili. Nilikaa sakafuni na shajara zile mapajani kwa muda mrefu, maana mazingira yangu yalikuwa yamebadilika mara tatu ilhali sentensi yangu haikubadilika hata mara moja.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Mtu anawezaje kutofautisha sababu na kisingizio pale ambapo kila anachokisema ni kweli? Na akishatambua, aanzie wapi bila kuishia kujichukia? Faraja ninayo ya kutosha nyumbani; ninachokosa ni namna ya kulifikiria jambo hili.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Nia Njema, umeuliza swali ambalo watu wengi hulikwepa maisha yao yote, kwa hiyo nitalijibu bila kulizunguka.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Tumezoea kuitumia methali hii kumsuta mtu mwongo, lakini itazame vizuri utaona kwamba jua ni kali kweli na mbaazi hausemi uongo. Kosa lake ni kwamba unalitumia jua kufunga mazungumzo mahali ambapo yalipaswa kuanza, yaani kwenye mizizi, kwenye udongo, kwenye yale yaliyo chini yake. Ndiyo maana kipimo cha "je, ninachosema ni kweli?" hakitakusaidia. Visingizio vinavyodumu miaka minane hujengwa kwa ukweli mtupu. Vile vya uongo huanguka vyenyewe mapema.

Nilifundisha hisabati kwa miaka mingi, na nakumbuka mwanafunzi mmoja mwenye akili nyepesi sana ambaye, kila siku ya mtihani, alifika bila kalamu au bila rula, au akiwa amechelewa. Siku za kawaida alikuwa na kila kitu. Nilimwona mzembe na nikamwadhibu, jambo ninalolijutia hadi leo, kwa sababu baadaye nilielewa kwamba alikuwa akijilinda. Akipata alama ndogo bila rula, kosa ni la rula. Akipata alama ndogo akiwa na kila kitu, kosa ni lake mwenyewe, na hilo ndilo asiloweza kulibeba.

Wanasaikolojia Steven Berglas na Edward Jones walilionyesha jambo hili katika jaribio walilolichapisha mwaka 1978. Baadhi ya washiriki walipewa maswali yasiyokuwa na jibu, kisha wakaambiwa wamefanya vizuri sana, hivyo wakabaki na sifa ambayo hawakujua wameipataje. Kabla ya duru ya pili walitakiwa kuchagua dawa moja kati ya mbili: moja ilisemekana huongeza uwezo wa akili, nyingine ilisemekana huupunguza. Wanaume waliosifiwa kwa namna hiyo walielekea kuichagua ile ya kupunguza. Walikubali kuharibu kazi yao wenyewe ili wakishindwa wawe na cha kusingizia.

Kwa hiyo nakuuliza kwa upole, na si lazima ujibu hapa hadharani: ungejifunza nini kuhusu nafsi yako iwapo ungejiandaa kikamilifu, ukaufanya mtihani wa tano, na ukashindwa?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila naomba niongeze tahadhari, kwa kuwa nimewaona watu wengi wakiumizwa na mafundisho ya kuwajibika yaliyotolewa bila huruma.

Yapo mambo ambayo hayako mikononi mwa mtu. Ugonjwa haumwulizi mtu ratiba yake, na anayelea mzazi aliyepooza huku akifanya kazi hana jioni iliyo huru, hata awe na nia ya chuma. Tukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba anatoa visingizio tunamtwisha mzigo wa pili juu ya ule alio nao. Ndugu Nia Njema, nakuomba utenganishe maneno mawili ambayo huchanganywa kila siku, lawama na wajibu. Lawama huangalia nyuma na kuuliza ni nani aliyesababisha, ilhali wajibu huuliza ni nani atakayeshughulikia kuanzia sasa. Unaweza kuwa huna lawama hata chembe kwa yaliyokupata, na bado wajibu wa kesho ukawa wako, kwa sababu hakuna mwingine atakayeyaishi maisha hayo kwa niaba yako.

Nitasema langu. Nilimuuguza mama yangu kwa miaka mitatu. Katika kipindi hicho niliacha kufanya mazoezi, niliacha kuwatembelea marafiki, na niliahirisha ombi la kwenda kusomea ukunga. Hizo zilikuwa sababu, wala simruhusu mtu aziite kwa jina lingine. Mama alipofariki nilihitaji miezi ya kuomboleza, nayo nilistahili kuipata. Lakini mwaka mmoja na nusu baadaye msimamizi wangu aliponiuliza kuhusu ukunga, nilifungua kinywa na kusikia sauti yangu ikisema, "Unajua nina mgonjwa nyumbani." Kitanda cha mama kilikuwa kimeshatolewa chumbani. Niliona aibu kubwa, na zaidi ya aibu niliona uchungu, kwa sababu nilikuwa nimemfanya mama yangu mpendwa kuwa kisingizio.

Tangu siku ile kipimo changu ni hiki: sababu hukubali kupimwa, na hali ikibadilika nayo huondoka. Kisingizio hubadilisha nguo tu, na ukijaribu kukipima utajikuta umekasirika. Shajara zako tatu, ndugu yangu, zimeshakupimia.

Kuhusu swali lako la pili, linaloogopesha zaidi, kuna utafiti ambao umenisaidia kutojichukia. Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier waliandika juu ya mbwa waliopigwa shoti za umeme ambazo hawakuwa na njia ya kuzizuia. Baadaye waliwekwa kwenye sanduku ambalo wangeweza kuikwepa shoti kwa kuruka kizuizi kifupi tu, na wengi wao hawakuruka; walilala chini na kuvumilia. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba mbwa wale walikuwa wamejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 watafiti wale wale waliandika kwamba, kwa kadiri ubongo ulivyochunguzwa baadaye, walikuwa wamelitazama jambo hilo kinyume: kunyong'onyea mbele ya maumivu ya muda mrefu ndilo itikio la asili, na kinachojifunzwa ni kwamba mtu anaweza kuyadhibiti mambo. Nilipolisoma hilo nilihema kwa nafuu. Halikuniondolea wajibu, ila lilinionyesha kwamba kule kulala chini hakukuwa kasoro ya tabia yangu, na kwamba kuinuka ni ujuzi unaofundishika.

Ipo sehemu nyingine ya majaribio hayo ambayo watu huisahau. Mwaka 1968 walieleza jinsi walivyowaponya mbwa wale: maneno na chakula cha kushawishi havikutosha, ikabidi wavutwe kwa kamba hadi upande wa pili wa kizuizi, mara nyingi, hadi walipoanza kuruka wenyewe. Usione haya kumwomba mtu akushike mkono katika siku za mwanzo.

Mpenda Ratiba

Wenzangu wameshalimaliza suala la moyo, hivyo nitazungumzia utekelezaji peke yake.

Ndugu, "mambo yakitulia" ni sharti lisilo na tarehe, na sharti lisilo na tarehe halitimii kamwe, kwa kuwa hakuna dakika ambayo utaweza kusema limetimia. Badala yake tumia sharti linalotokea kila siku upende usipende. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameuchunguza mpango wa namna hii kwa miaka mingi, nao una umbo la "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 na kukuta kwamba mpango wa umbo hilo huwasaidia watu kutimiza nia zao kwa kiwango cha kuridhisha, zaidi ya nia peke yake. Kwako wewe unaweza kuwa: nikishavua viatu vya kazini, nitakaa mezani na kufanya swali moja la uhasibu kabla ya kuketi mahali pengine popote. Ni swali moja tu. Uchovu wako ni wa kweli, na swali moja linaubeba uchovu huo bila kugombana nao.

Usitegemee kwamba utazoea ndani ya wiki tatu, kama inavyosemwa mitaani. Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, tendo lilichukua kwa kawaida siku 66 hivi hadi kuwa mazoea, na kwa watu mbalimbali muda huo ulianzia siku 18 hadi ukakadiriwa kufika 254. Jambo lililonipendeza humo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana.

Nina neno moja kuhusu mkuu wa kazi uliye naye sasa. Je, umewahi kumwomba zamu isiyobadilika, kwa maneno, uso kwa uso? Wengi wetu huwahukumu watu kwa kukataa maombi ambayo hatukuwahi kuyapeleka.

Nia Njema (mwanzilishi wa mada)

Nawashukuru sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi nikiwa na jambo la kueleza.

Mwalimu, nimeamua kukujibu hapa hapa. Mtihani wa tano niliwahi kuufanya. Katika maelezo yangu ya mwanzo nilisema nilisimama baada ya kufaulu minne, na hilo ni kweli, lakini nilikaa kimya kuhusu ukweli wa pili: niliufanya ule wa tano na nikakosa alama chache za kufaulu. Sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Baada ya hapo ndipo zamu za kazini zilipoanza kuwa ngumu kupita kiasi. Sasa naona kwamba zilikuwa ngumu hata kabla, na nilikuwa nikisoma hivyo hivyo, usiku, mtoto akiwa amelala begani.

Dada Muuguzi, pole sana kwa kufiwa na mama, na asante kwa kunitenganishia lawama na wajibu. Nilimweleza mke wangu kuhusu mtihani ule. Hakushangaa, kwa maana alikuwa ameiona ile karatasi ya matokeo miaka yote hiyo, akisubiri niseme mwenyewe. Yeye ndiye aliyekubali kunishika mkono: saa tatu usiku anaiweka simu yangu chumba kingine na kuketi upande wa pili wa meza na kazi zake.

Ndugu Mpenda Ratiba, nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi. Alinitazama kwa mshangao akasema, "Mbona hukuwahi kusema?" Hakunipa yote niliyoomba, nimepata jioni mbili za uhakika katika wiki, na zile nyingine bado hazitabiriki. Jioni hizo mbili nimeshazipoteza mara moja, juma lililopita, nikiwa nyumbani, nisiyekuwa na mgonjwa wala zamu. Zamani ningetafuta la kuandika. Safari hii nilifungua shajara na kuandika tarehe, kisha: "Sikusoma leo. Nafasi nilikuwa nayo."

Kesho yake nilifanya maswali mawili. La pili nilikosea katika kupanga mali na madeni, mahali pale pale nilipokosea katika mtihani ule wa zamani. Mwalimu, kama bado unakumbuka kidogo mambo ya mizania, naomba nikutumie swali lenyewe.