Mwanzi mmoja mkubwa, mwingine mdogo: miezi saba baada ya upasuaji wa pua, nirudie au nisubiri?

Binti wa Kigogo

Wakuu habari za humu. Nina miaka 29, niko Dar. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnirushie mawe.

Mwaka juzi nilianguka na bodaboda, pua ikavunjika. Ikapona imepinda, upande wa kulia hewa haipiti, usiku nalala mdomo wazi kama samaki. Dada yangu anaishi Istanbul, akanishawishi niende kule. Nikafanyiwa Februari. Walinyoosha ukuta wa katikati, wakainua ncha, na hapa ndipo nilipojitafutia: nikaomba na mabawa ya pua yapunguzwe kidogo, si nilishafika.

Nikijitazama kwenye kioo uso kwa uso sina neno, na hewa sasa inapita. Shida nikiinua kichwa. Mwanzi wa kushoto mrefu kama punje ya maharage, wa kulia umebaki kaduara. Kwenye harusi ya binamu yangu nimepiga picha zote nikiwa nyuma ya mjomba mmoja mnene, makusudi kabisa.

Hospitali ya kule nikiwatumia picha jibu ni lile lile, subiri mwaka utimie. Kuna saluni huku mjini wanasema wananichoma fila, ile sindano ya kujaza chini ya ngozi, dakika kumi mianzi inalingana, laki nane. Nimeshalipia nusu, miadi ni Jumamosi. Kuna aliyepitia hili? Kweli inabadilika yenyewe au wananipoza tu?

Mzee wa Kahawa

Pua aliyokupa Mungu ilikosa nini lakini, binti yangu?

Binti wa Kigogo

Ilikosa hewa, mzee wangu.

Mzee wa Kahawa

Haya, hapo umenishinda. Ngoja wataalamu waje.

Kiboko ya Mabua

Kanda na maji ya moto asubuhi na jioni, halafu ule mwanzi mkubwa ubane na kibanio cha nguo dakika tano tano. Mtaani kwetu wanafanya hivyo na pua za watoto zinachongoka.

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, kibanio waachie nguo. Na usikande mpaka aliyekupasua akuambie, tena akuonyeshe pa kukanda.

Nimekaa miaka kadhaa wodi ya masikio, pua na koo, nikueleze ninavyoelewa, ingawa pua yako sijaiona. Miezi saba bado mapema. Uvimbe mwingi unaondoka wiki za mwanzo, ila unaobaki kwenye ncha unachukua mwaka, na ngozi zetu hizi nene unaweza kufika hata mwaka na nusu. Na haushuki pande mbili kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana madaktari wengi hawagusi pua mara ya pili kabla ya miezi kumi na miwili: kovu la ndani bado gumu, ukilikata sasa unaongeza kovu juu ya kovu. Kwa hiyo hawakupozi.

Lakini "subiri" peke yake nayo haitoshi, kwa sababu si kila kitu ni uvimbe. Inua kichwa, mtu akupige picha kutoka chini, kisha tazama ule ukuta wa katikati. Kama mwisho wake wa chini umeegemea kulia, huo ndio unaoziba ule mwanzi, na kusubiri hakutaunyoosha. Kama ukuta umekaa katikati ila bawa la kulia ni fupi, basi huenda walikata nyama zaidi upande huo. Na kama ukingo wa tundu umevutwa ndani au una kibonyeo, hilo ni kovu linavuta. Kila moja ina dawa yake, ndiyo maana mtu asiyejua chanzo hawezi kukuahidi dakika kumi.

Halafu watu hawapendi kusikia hili: mwanzi mkubwa unapunguzika kirahisi. Ni kipande kidogo kinatolewa chini ya bawa, kwa ganzi tu, siku hiyo hiyo unarudi nyumbani. Ila uliokatwa ukawa mdogo mno, kuukuza ni kazi. Ngozi iliyotupwa hairudi. Mara nyingi wanachukua kipande sikioni, ngozi pamoja na gegedu lake, ule mfupa laini unaopindika, wanakipandikiza. Kwa hiyo yeyote atakayekushika tena, mwombe akate kidogo kuliko unavyotamani.

Shosti wa Mbezi

Mnamtisha mwenzenu bure. Mimi nimechoma fila ya pua mwaka jana, imekaa vizuri, maumivu kama ya mbu. Nenda Jumamosi dear, ishi maisha yako.

Nesi wa Zamu

Shosti, wewe pua yako ilishapasuliwa?

Shosti wa Mbezi

Hapana, yangu ya kuzaliwa.

Nesi wa Zamu

Basi hamfanani. Pua iliyopasuliwa mishipa yake ya damu imehama njia na ngozi imeshikana na kovu. Fila ikiingia kwenye mshipa au ikiubana, ngozi ya ncha inakosa damu inakufa, na mishipa ya pua inaungana na ya jicho, kuna watu wamepoteza macho. Hata pua ambayo haijaguswa hatari ipo, hii ndiyo zaidi. Waulize tu saluni, wanayo hailuronidesi, dawa ya kuyeyusha fila ikikosea njia? Wakianza kukukodolea macho, ondoka. Na kama kuna mtu humu keshachoma, akaona ngozi imekuwa nyeupe au ya zambarau na inauma, asilale nayo mpaka asubuhi. Hospitali saa ile ile.

Mpemba Asiyelala

Dada, assalaam aleykum. Mie nilivunjika pua kwenye mpira, nikapasuliwa nje ya nchi, hospitali siitaji. Mwanzi wa kushoto ukaniziba, kovu lilivuta. Nilirudia baada ya miezi kumi na minne kwa daktari mwingine.

Nikwambie lililonichelewesha ili wewe usichelewe. Daktari wa pili alitaka ripoti ya upasuaji wa kwanza, mie sina hata karatasi. Akataka kujua gegedu la katikati lilichukuliwa kiasi gani, kwani pua ikirudiwa huwa wanahitaji gegedu la kuegemeza, na lile la katikati ndilo la karibu. Likiwa limekwisha wanakwenda sikioni, au ubavuni. Mie walikwenda sikioni. Sikio wallahi liliniuma kuliko pua, wiki mbili nalala upande mmoja. Kisha nikapewa vijibomba laini vya silikoni nivivae usiku ndani ya mianzi, miezi mitatu, ili kovu lisivute tena. Mke wangu akiniona akifa kwa kicheko.

Leo ipo sawa? Ukinitazama huoni. Ukichukua rula utaona. Mie rula nimeitupa.

Na shisha kama unavuta, acha. Damu ya ngozi inapungua, kipandikizi hakishiki.

Fundi Lenzi

Mimi mpiga picha, sijui habari za visu ila nijibu upande wangu. Hizo picha unazojikagua ni za selfi? Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ukipigwa kutoka mita moja na nusu. Na ukiishika simu pembeni kidogo tu, mwanzi ulio karibu na lenzi unakua. Mpe mtu simu, asimame hatua mbili, avute kwa zumu, mwanga utoke mbele, kichwa usikipinde. Piga hivyo hivyo kila mwezi, mahali pale pale. Hapo ndipo utajua kama inabadilika au ni macho yako.

Na tafuta picha za zamani, kabla ya bodaboda. Wateja wangu nawaona kwenye skrini kubwa kila siku, mwenye mianzi miwili iliyolingana barabara sijamwona bado.

Nesi wa Zamu

Fundi umenikumbusha. Mdogo wangu, sina maana ujifunze kuridhika kwa nguvu. Kama kwenye mwaka bado inakukera, una haki ya kurekebisha. Ila sasa hivi kuna la kufanya: muulize aliyekupasua kama hivyo vijibomba alivyosema Mpemba vinakufaa, maana vinasaidia kovu likiwa bado changa. Na kama ni uvimbe mgumu, wapo wanaochoma triamsinoloni, dawa ya kushusha uvimbe, kidogo sana. Ikizidi ngozi inakonda na kubonyea, kwa hiyo si ya saluni. Huku nyumbani ukionana na bingwa wa pua, au wale wa upasuaji rekebishi pale hospitali ya Mloganzila, unapata mtu wa kukushika pua kwa mkono badala ya kuitazama kwenye WhatsApp. Jina lake ulizia kwanza Baraza la Madaktari. Homa, usaha au hewa kuanza kuziba tena, usingoje mwaka.

Binti wa Kigogo

Nimerudi wakuu. Nimechimbua picha ya mahafali ya kidato cha nne, kichwa nimekiinua nacheka. Mwanzi wa kulia ulikuwa mdogo tangu wakati ule! Si kwa kiasi hiki, lakini ulikuwa mdogo. Mama anasema marehemu babu naye alikuwa hivyo. Nimekaa na ile picha nusu saa.

Nimepigwa na nyingine kutoka chini kama nilivyoelekezwa. Ukuta naona umekaa katikati, bawa la kulia ndilo fupi. Nesi, hiyo ndiyo ile ya kukatwa zaidi?

Saluni nimewapigia, nusu yangu hawarudishi. Kuhusu hailuronidesi dada wa mapokezi alisema niiandike kwa meseji atauliza, mpaka sasa kimya.

Nesi wa Zamu

Inaelekea hivyo, lakini akushike mtu. Hiyo nusu ihesabu kama nauli iliyoliwa na kondakta. Ripoti je?

Binti wa Kigogo

Dada amekwenda leo kuichukua. Wamempa kurasa nne, zote Kituruki.

Mpemba Asiyelala

Nina shemeji amesoma Ankara. Futa jina lako na namba, kisha nitumie inboksi.