Farasi wangu hatulii bandani mwenzake akitolewa. Nianzie wapi?

Mtunza Singa
Wakuu, habari za kazi. Nina farasi jike wa miaka saba, mpole kabisa akiwa malishoni na hata akipandwa. Tangu ahamie banda jipya amekuwa mwingine. Farasi wa chumba cha jirani akitolewa tu, huyu anaanza kuzunguka mpaka majani ya kulalia yanaacha njia. Analia, kifua kinalowa jasho, kisha anasimama mlangoni na kuyumbisha shingo huku na huku bila kukoma. Kinyesi nacho kinalainika.

Nimepewa ushauri wa kila namna: mfunge kamba fupi, weka vyuma mlangoni asiweze kuyumba, mwombee dawa ya kumtuliza. Naomba mwongozo kwa waliowahi kukaa na farasi wa aina hii.

Saisi Mkongwe
Kamba fupi sahau kabisa. Farasi akiogopa, kinga yake ni miguu. Ukimnyima nafasi ya kusogea hofu inapanda, na akijivuta kwa nguvu anaweza kuumia vibaya shingo. Vyuma vya mlangoni havitibu kitu. Wengi hurudi hatua moja nyuma wakaendelea kuyumba humo humo ndani, wewe ukadhani wamepona kwa kuwa huwaoni.

Kabla sijasema zaidi: anakula nini, na usiku hori linakaa tupu kwa muda gani?

Mtunza Singa
Nafaka asubuhi na jioni, kisha nyasi kavu. Za jioni anazimaliza mapema. Asubuhi tunakuta hori limelambwa.

Saisi Mkongwe
Basi anzia hapo, mambo ya jirani yatafuata. Farasi akiwa huru hula sehemu kubwa ya siku, saa 16 hivi kati ya 24. Tumbo lake linatoa asidi muda wote, awe anakula au hali, na mate anayotoa akitafuna ndiyo yanayopunguza ule ukali. Hori likishinda tupu usiku kucha, asidi inaunguza ukuta wa tumbo. Nafaka nyingi inazidisha. Sasa mnyama ambaye tumbo linamuuma, ukimwondolea na mwenzake, unategemea atulie?

Nyasi zitangulie, nafaka ije baadaye na iwe kidogo. Kwa siku asipate chini ya kilo 1.5 za nyasi kavu kwa kila kilo 100 za uzito wake, na asikae zaidi ya saa nne hadi sita bila cha kutafuna. Tumia wavu wenye matundu madogo ili zidumu, lakini uning'inize juu asije akanasa kwato. Badilisha pole pole kwa wiki moja au mbili. Chakula kikibadilishwa ghafla huleta chango, yale maumivu makali ya tumbo.

Dokta wa Kwato
Saisi kasema vizuri, ila vidonda vya tumbo havithibitishwi kwa kukisia. Daktari wa mifugo anapitisha kamera puani hadi tumboni na kuangalia. Dalili za kukufanya umwite: anaacha nafaka katikati, anakasirika ukimkaza mkanda wa tandiko, manyoya yanapoteza mng'ao.

Mpime mapigo ya moyo akiwa ametulia. Farasi mzima huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Ukijua ya kwake, siku ya fujo utaweza kulinganisha. Akigaagaa, akigeuka kutazama ubavu au akikataa chakula, hiyo si hofu ya upweke. Piga simu mara moja.

Dawa ya kutuliza ina mahali pake, kwa mfano farasi mwenye jeraha anayelazimika kukaa ndani. Haimfundishi chochote, na usimpe bila daktari.

Nusu Mwendo
Weka kioo ukutani! Wa kwangu aliacha kuyumba karibu kabisa.

Bibi Malisho
Kioo kinasaidia baadhi yao, hilo ni kweli. Kiwe cha plastiki isiyovunjika, kifungwe imara, na ubaki naye mwanzoni, maana wapo wanaokitishia kwa meno. Ila mwanangu, sura ya ukutani haimshindi farasi mwenyewe. Kama ukuta wa kati unaruhusu, tobolea dirisha lenye nondo wanusane. Wengine hutulia hata kwa punda au mbuzi. (Mbuzi wetu alimtuliza farasi vizuri sana, kisha akamtafuna singa za mkia.)

Halafu chunguza asubuhi kama ana majani au kinyesi ubavuni. Farasi husinzia amesimama, lakini usingizi mzito anaupata akilala chini, na hatalala asipojiona salama. Kama ubavu ni safi kila siku, huenda unahangaika na mnyama asiyelala.

Mtunza Singa
Shikamoo Bibi, asante. Tatizo jirani lazima atoke kazini. Na mwenye banda anataka huyu ahamishiwe pembeni, eti asiwaambukize wengine kuyumba.

Bibi Malisho
Marahaba. Kumtenga ndiko kumwongezea ugonjwa, mkatalie kwa adabu.

Jirani mzoesheni kutoka kidogo kidogo. Huyu akiwa na nyasi mbele yake, mwenzake atolewe mpaka mlangoni tu na arudishwe huyu akiwa bado anatafuna. Mkiona hilo halimsumbui tena, ongezeni umbali, kisha muda. Akianza kuzunguka, mmekimbilia mbali. Rudini hatua moja. Siku nyingine atangulie yeye kutoka. Ukiwa naye, mkune pale shingo inapokutana na mgongo, ndipo farasi wanapokunana wenyewe, na mapigo ya moyo hushuka. Na aongezewe saa za kukaa nje na wenzake. Hakuna dawa inayoshinda hiyo.

Saisi Mkongwe
Nyongeza moja. Kuyumba kukishazoeleka kunaweza kubaki hata chanzo kikiondoka, hasa anaposubiri chakula. Usimkaripie. Mgawie yeye kwanza.