Mada: Jumatatu za mwezi wa tano na sisi tulio chini ya ejensi

Assalaam alaykum ndugu zangu wote.

Nina miezi minne hapa Coventry, Uingereza, napanga maboksi ghalani kupitia ejensi, yaani kampuni inayotupeleka kufanya kazi kwa wengine. Mwezi wa tano una Jumatatu mbili za sikukuu, na tumeambiwa ghala litafungwa zote mbili. Wenzetu walioajiriwa moja kwa moja watalipwa. Nilipompigia dada wa ejensi kuuliza habari yangu, akanijibu, "Wewe umeshalipwa," akakata simu. Hela yenyewe sijaiona. Kodi ya chumba inanisubiri, na mama kule Tanga nimeshamwahidi ada ya mdogo wangu. Hivi nadhulumiwa, au ndiyo sheria ya huku?

Mdogo wenu, Coventry

---

> akanijibu, "Wewe umeshalipwa"

Wa alaykum salaam mdogo wangu, na pole. Kabla hujagombana na mtu, toa karatasi zako zote za mshahara uzipange mezani. Tazama kama kuna mstari wa malipo ya likizo peke yake, mbali na saa ulizofanya.

Huku kila mfanyakazi, hata wa ejensi, ana haki ya wiki 5.6 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Kwa anayefanya siku tano kwa wiki, ni siku 28. Ila hakuna sheria inayosema sikukuu lazima upumzike, wala kwamba ukifanya kazi siku hiyo ulipwe zaidi. Mkataba ndio unaosema. Tena mwajiri anaweza kuzitia sikukuu nane za England humo humo ndani ya zile 28.

Sisi ambao saa zetu hupanda na kushuka, likizo yetu ni asilimia 12.07 ya saa tulizofanya. Na kwa miaka ya likizo inayoanzia tarehe 1 Aprili 2024 na kuendelea, ejensi inaruhusiwa kukuwekea hela hiyo kwenye mshahara wa kila wiki, mradi iionyeshe kwa mstari wake. Tuseme umefanya saa 40 kwa pauni 13: ni pauni 520, na likizo yako hapo ni pauni 62 na peni 76. Ukiuona huo mstari, basi Jumatatu yako ilikuja kidogo kidogo, nawe umeila bila kujua.

Mimi niliila. Krismasi ya 2024, mwaka wangu wa kwanza, ghala lilifungwa kuanzia tarehe 24 Desemba mpaka tarehe 2 Januari. Mita yangu ya umeme ilikuwa ya kuongeza salio, imebaki pauni moja na kitu. Nikazima hita, nikalala na koti na soksi mbili mbili, mchele nikiupima kwa kikombe cha chai. Siku hizi kila Ijumaa, kabla sijatuma chochote nyumbani, naihamisha hela ya mstari ule kwenye akaunti nyingine na siigusi.

Lakini usiishie hapo. Ukishatimiza wiki 12 kwenye kazi ileile mahali palepale, kanuni za wafanyakazi wa ejensi za mwaka 2010 zinakupa haki ya malipo ya msingi na likizo sawa na wale wa moja kwa moja. Wewe umeshavuka. Kama wao wanapewa sikukuu juu ya zile siku 28, nawe unastahili. Uliza kwa maandishi, simu haiachi ushahidi. Wakikuzungusha, piga Acas, shirika la huku la ushauri wa haki za kazi, ushauri wao ni bure.

Na wiki za sikukuu tuma ejensi karatasi ya saa ulizofanya mapema. Jumatatu ofisi imefungwa, na ukichelewa utalipwa wiki inayofuata.

Dada yako, Leicester

---

Niongeze kwa walioko huku juu: Scotland sikukuu kwa kawaida ni tisa na kalenda si ileile. Jumatatu ya Pasaka si sikukuu kwetu, tarehe 2 Januari ni sikukuu. Ukitumwa kazini upande wa pili wa mpaka, uliza mkataba wako unafuata kalenda ipi.

Glasgow

---

Wanangu, nami nina neno. Mimi nalea wazee hapa London mashariki. Idi haimo kwenye kalenda yao, na mwezi hausubiri ratiba ya zamu. Notisi ya likizo ya kawaida ni mara mbili ya siku unazoomba, kwa hiyo mimi huomba siku mbili mapema, ile tunayotazamia na inayofuata, kisha moja nairudisha mwezi ukiandama.

Na zamu ya tarehe 25 Desemba msiipokee mpaka mjue nani analipa teksi. Siku hiyo hakuna treni wala basi mjini. Mwaka mmoja nilitembea saa nzima na dakika kumi, alfajiri, mvua inanyesha, kwa sababu mzee wangu hawezi kushuka kitandani mwenyewe na nisingeweza kumwacha.

Shangazi yenu

---

Dada, shangazi, kaka wa Glasgow, nawashukuru sana.

Mstari upo. Wiki zote 16, chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo. Hela hizo zote nimeshazituma nyumbani. Leo nimewaandikia ejensi kuuliza wenzetu wanapata siku ngapi. Mama nimempigia, nikamwambia ada itakuja nusu sasa na nusu mwezi wa sita. Amesema atakwenda mwenyewe kuongea na mwalimu mkuu.

Mdogo wenu, Coventry