Tupeane uzoefu: Hereni za duara, wewe ni wa zipi na zimeshakufanya nini?

MamaPacha:
Wadau poleni na majukumu. Mdogo wangu anaolewa, sare yetu ni kitenge cha bluu na njano, na mimi nataka hereni za duara, sitaki zinazoning'inia. Nimezunguka Kariakoo, Mtaa wa Congo wote, miguu inawaka moto. Kijana mmoja kanimwagia boksi zima mezani: nyembamba, nene zenye uwazi ndani, za kusokotwa, za shanga, zilizozungushiwa kitenge, vidogo vinavyobana ndewe, makubwa yanayogusa bega. Nikachanganyikiwa, nikaondoka mikono mitupu. Halafu kufunga nako ni mtihani. Kuna za waya unaochomeka kwenye tundu lake, kuna za kufyatua, kuna za msumari na kile kidude cha nyuma. Wenye uzoefu tiririkeni, mnavaa zipi na kwa nini?

Kiduku_wa_Temeke:
Naweka jamvi hapa, huu uzi utanoga.

ShangaziTatu:
Uso wako ukoje kwanza? Mwenye uso wa duara akivaa duara kubwa uso unazidi kuwa sahani. Wewe chukua ndefu za umbo la yai.

Neema_Mbagala:
@ShangaziTatu hayo ya sura tuwaachie wa magazeti. Mimi uso wangu ni duara kamili na ringi kubwa zilinitoa sana, mpaka siku zilipotaka kuondoka na sikio.

Naandika hapa kidole kinashika ndewe bila kutaka. Ilikuwa jioni, natoka kazini, Mbagala Rangi Tatu hiyo, mnajua gari za jioni zinavyogombaniwa. Nikabahatika kuingia, nimesimama, shingo imepinda, kwapa la mtu liko usoni. Mbele yangu kasimama mama kabeba mtoto mgongoni. Mtoto mzuri, mashavu, mkononi ana biskuti iliyolowa mate, ananichekea. Na mimi nikamchekea. Akaona ringi inameremeta, akaingiza vidole viwili ndani ya duara na kuanza kucheza nayo. Mimi mikono yote iko juu kwenye bomba, nikiachia namwangukia mtu. Nikamwambia mama, "Dada, mtoto kanishika hereni." Hakusikia, muziki uko juu. Hapo hapo konda, "Zakhem, Zakhem wa kushuka! Mama mwenye mtoto shuka, suka tunawahi!" Mama akageuka kwa nguvu kujipenyeza mlangoni. Mtoto hajaachia.

Jamani, maumivu yalichelewa kuja. Nilichosikia kwanza ni sauti, mchaniko mdogo, wa kitambaa cha pamba. Halafu joto shingoni. Blauzi ilikuwa nyeupe. Abiria mmoja akapiga kelele "damu!", suka akafunga breki, watu wakalaliana. Nikichungulia dirishani mama yuko chini barabarani hajui lolote, na mtoto bado kaishika ringi yangu, anaipeleka mdomoni. Nilichopata nguvu ya kusema ni "mnyang'anyeni asimeze!"

Nikashonwa kwa ganzi. Daktari akasema nikae miezi kadhaa pakauke vizuri, na nikitoboa tena nisitoboe kwenye kovu, nitoboe pembeni yake. Na zile hereni, MamaPacha, zilikuwa za kufyatua, zile zinazofunga "tak". Muuzaji alizisifia kwamba hazidondoki hata ukicheza sindimba. Kweli hazikudondoka.

Kiduku_wa_Temeke:
Duh. Pole sana dada. Mtoto alipona?

Neema_Mbagala:
Alipona, dereva wa bodaboda alimnyang'anya. Akalia huyo!

Bi_Mwanakheri_Unguja:
Pole mwanangu. Mwenye mtoto wa mkono nyumbani, ringi mahala pake kabatini.

MkeWaMwalimu:
Naunga mkono. Wangu alivunja tatu kabla hajaota meno.

JitegemeeBoutique:
Kwa usalama chukueni za waya wa kuchomeka, ikivutwa kwa nguvu inapinda na kufunguka yenyewe. Mimi ndizo nauza.

Neema_Mbagala:
@JitegemeeBoutique na ikifunguka yenyewe kwenye mwendokasi unairudisha wewe?

JitegemeeBoutique:
Dada chagua moja, sikio au hereni.

Wanjiku_wa_Umoja:
Hii uzi imenikumbusha 2020. Hizo barakoa zilinimalizia ringi zangu zote. Unafika ofisini, unatoa barakoa, kamba inanasa kwenye ringi, hiyo inaruka chini ya meza ama kwa lifti. Nikabaki na bakuli ya hereni za upande mmoja. Siku hizi huvaa za shaba, zile mafundi wa Kibera hufua kwa vyuma vya zamani, vifuli na mabomba ya maji. Nene, rangi imeiva, na ziko na uzito wa kuheshimika. Shida ni moja tu, zikikutana na jasho sikio linageuka kijani. Ndimu na chumvi, unasugua, unasuuza, unakausha vizuri, zinarudi kung'aa.

ShangaziTatu:
Ndimu na chumvi? Mimi ni dawa ya meno na mswaki wa zamani, basi.

Sonara_wa_Zamani:
Dawa ya meno ina chembe ngumu, inakwaruza. Kwenye dhahabu laini na kwenye zilizochovywa dhahabu juu juu usiguse kabisa. Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo yanatosha.

Nimekaa meza ya sonara Mtaa wa Indira Gandhi mpaka macho yamechoka, acheni niseme mawili. Ukiambiwa dhahabu, geuza hereni utafute muhuri kwenye msumari au karibu na kifungo. 750 ni karati 18, yaani robo yake ni madini mengine. 875 ni karati 21, hizo nyingi hutoka Ghuba. 916 ni karati 22. Karati kubwa maana yake dhahabu nyingi zaidi, na pia laini zaidi, duara linapinda ukililalia. Fedha nzuri ina 925. Pasipo na muhuri, usilipe bei ya dhahabu kwa sababu muuzaji kaapa kwa mama yake.

Kubwa na nene nyingi zina uwazi ndani. Ndiyo maana unavaa kitu kinaonekana kizito na sikio halilalamiki. Ila ikibonyea imebonyea, fundi hawezi kuinyoosha ikarudi ilivyokuwa. Wanaotaka ya kushiba mpaka ndani wajiandae kulipia kila gramu, na ndewe itavutika kwenda chini pole pole.

Mchumi_Kijiweni:
Sonara bado anauza, kajificha kwenye elimu.

Sonara_wa_Zamani:
Nilishastaafu kijana. Ungesoma jina.

Koku_Bk:
Swali la kitaalamu. Mimi kila nikivaa za elfu mbili masikio yanawasha, yanatoa maji, asubuhi mto umechafuka. Kuna dada alinifundisha kupaka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye msumari. Wengine mnafanyaje?

JitegemeeBoutique:
Ndiyo dawa. Paka mara mbili, acha ikauke.

Nesi_Mnyenyekevu:
Inasaidia kwa muda mfupi, halafu inabanduka ukiwa ukumbini na mwasho unarudi pale pale. Kinachosumbua wengi ni nikeli iliyochanganywa kwenye hereni za bei rahisi. Mwili ukishaikataa umeikataa, haizoeleki. Tafuta titani, au dhahabu ya karati kubwa. Chuma cha pua wengi kinawakubali, ingawa nacho kina nikeli ndani yake. Na kama kwenu mna historia ya makovu kuvimba baada ya kidonda, fikirieni mara mbili kabla ya kutoboa matundu ya juu kwenye gegedu. Nimeona uvimbe mkubwa kuliko hereni yenyewe.

ShangaziTatu:
Bibi yetu alitutoga kwa sindano na uzi, akatuwekea kijiti cha chelewa, hakuna aliyevimba.

Nesi_Mnyenyekevu:
Waliovimba hawakuja kuandika hapa, shangazi.

MzeeWaMaadili:
Nasoma kimya kimya lakini inabidi niseme. Mwanamke anayejiheshimu anavaa kipuli kidogo. Haya maduara ya kupitisha ngumi ni ya wahuni.

Neema_Mbagala:
Huyu naye katokea wapi?

Wanjiku_wa_Umoja:
Wueh! Ngumi imeingia aje kwa hereni?

Bi_Mwanakheri_Unguja:
Mzee wangu, kwa heshima zote. Bibi zetu wa Unguja walijaza masikio kuanzia chini mpaka juu, na hakuna aliyewaita wahuni. Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani, kwenye kumbukumbu zake zilizochapwa 1886 ameeleza kuwa mtoto wa kike alitogwa siku ya saba tangu kuzaliwa, matundu sita kila sikio, kwa sindano na uzi wa hariri nyekundu, kisha zikaja pete nzito za dhahabu. Hao ni watu wa kasri. Mie bibi yangu mwenyewe alikuwa na matundu mpaka ukingoni, na akiswali swala tano. Sasa huo uhuni uko sehemu gani ya duara?

MzeeWaMaadili:
Zamani ni zamani.

Mchumi_Kijiweni:
Mzee kashikwa pabaya, haha.

MwanaTanga:
Samahani nitatoka nje ya mada kidogo, ila mlivyotaja pete za dhahabu moyo umeshtuka.

Marehemu mama alikuwa na hereni za duara alizoletewa na dada yake kutoka Maskati, soko la Mutrah. Muhuri 875, ninaukumbuka kwa sababu utotoni nilikuwa nausoma kwa kucha. Zimesokotwa, nene chini, nyembamba zinapoingia sikioni. Alizivaa Idi na harusi tu, siku nyingine zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, zimezungushiwa leso. Mama kafariki, tumebaki mabinti wawili, mimi na dada yangu. Vyombo tumegawana vizuri, khanga tumegawana vizuri, kitanda nimemwachia. Tumefika kwenye kopo, kila mtu kanyamaza. Dada anasema ni zake kwa kuwa mkubwa. Mimi nasema ni zangu kwa kuwa nilimuuguza mama. Mjomba kachoka kutusikiliza, kafungua leso, kampa dada moja na mimi moja. "Mabinti ni sawa kwa sawa, nimemaliza," kachukua kofia yake kaondoka.

Basi kila mmoja ana ya upande mmoja. Nilidhani atapoa tuunganishe, hata tuvae kwa zamu, Idi hii yeye, inayofuata mimi. Wiki iliyopita kanitumia picha kwenye simu, pete ya kidole, mpya kabisa. Kaiyeyusha. Kamtengenezea mkwewe. Chini kaandika: "Yangu nimeipatia kazi."

Neema_Mbagala:
Weee!

Koku_Bk:
Nimeacha kupika.

Wanjiku_wa_Umoja:
Hapana. Hapana kabisa. Dhahabu ya mama?

MkeWaMwalimu:
Mjomba ndiye wa kulaumiwa. Angeziuza zote mbili awagawie hela.

Bi_Mwanakheri_Unguja:
Mjomba kahukumu haki. Mabinti hupata sawa. Kisheria haki imetimia, kimapambo ni hasara tupu.

Mchumi_Kijiweni:
Na wewe ungekuwa wa kwanza kuyeyusha, usijifanye malaika. Dhahabu imepanda bei.

MwanaTanga:
@Mchumi_Kijiweni wewe mama yako yuko hai?

Mchumi_Kijiweni:
Yuko.

MwanaTanga:
Basi nyamaza.

Sonara_wa_Zamani:
Dada wa Tanga, pole kwa msiba na kwa hili. Iliyobaki peleka kwa fundi mzuri, ataipima na kutengeneza mwenzake kwa kuifuata. Msokoto unaweza kuigwa. Sharti dhahabu mpya iwe karati 21 hiyo hiyo, la sivyo rangi zitatofautiana na utaona kila ukijitazama kwenye kioo.

ShangaziTatu:
Asithubutu. Ya pili haitakuwa ya mama, itakuwa ya fundi. Aivae kidani shingoni.

Nesi_Mnyenyekevu:
Au apatane na dada yake kwanza.

ShangaziTatu:
Kwa lipi?

MamaPacha:
Jamani nawapenda lakini harusi ni Jumamosi. Mpaka sasa nina za kuchomeka zinapotea, za kufyatua zinachana, shaba inaota kijani, uso duara usivae duara. Nivae nini?

JitegemeeBoutique:
Zilizozungushiwa kitenge. Nyepesi, haziwashi sana, nipe kipande cha sare yako fundi wangu azungushie usiku huu.

Koku_Bk:
Zikilowa jasho zinanuka, kaa mbali na waliokaa karibu na spika.

Neema_Mbagala:
Ndogo zinazobana ndewe. Na ukialikwa kubeba mtoto wa mtu, kataa.

Kiduku_wa_Temeke:
Mimi nilikuwa napita tu, lakini nina tundu moja sikio la kushoto na huwa nashindwa kununua kwa kuwa wanauza jozi. @MwanaTanga hiyo moja ina gramu ngapi?

MwanaTanga:
Khaa! Wewe kaka huna aibu.

Kiduku_wa_Temeke:
Nimeuliza gramu tu dada yangu.

Mchumi_Kijiweni:
Mkubalie, walau itavaliwa.

MwanaTanga:
Haiuzwi. Ila mkijua fundi wa Tanga mjini anayejua msokoto wa zamani, nitumieni namba faragha.