Tupeane uzoefu: "kunywa maji mengi" ndiyo mangapi, na figo zinasemaje?

Mwenye uzi
Wakuu, salaam. Kila mada ya figo humu inaishia na "kunywa maji mengi". Mengi ndiyo mangapi? Soda, chai na madafu navyo tuvihesabu? Naomba wenye kazi hii waweke ya kazini kwao: maabara, wauguzi, watu wa lishe, wafamasia. Shangazi aliyekunywa majani akapona tumpumzishe leo.

Maabara_Zamu
Ule ushauri wa glasi nane kwa siku waachie watu wa kalenda. Sisi tunapima kinachotoka, yaani mkojo, maana mpiga zege wa Ubungo na karani wa Njombe wakinywa lita mbili kila mmoja, wa kwanza anazimalizia kwenye jasho.

Tafuta kidumu cha lita tano, kioshe, kikauke. Chagua siku ya kushinda nyumbani. Ukiamka, mkojo wa kwanza umwage chooni, uandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kidumuni, na ukienda haja kubwa, kojoa kwanza kwenye kidumu. Kesho yake, saa ileile, mkojo wa kuamkia nao unaingia. Kisha pima kwa chupa ya nusu lita. Wengi hukosea asubuhi: wanaweka mikojo yote miwili ya kuamkia, wanajipatia karibu nusu lita ya bure.

Aliyewahi kupata mawe ya figo anatafuta lita 2.5 kwa saa 24. Kwa joto la pwani, hiyo inataka kunywa lita tatu na zaidi. Vitu vinavyojenga jiwe, hasa kalsiamu na oksaleti, vikikosa maji ya kutosha huganda, kama chumvi inavyobaki sufuriani maji yakikauka. Italia walifuatilia watu 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza, miaka mitano, majibu yakatoka 1996: walioongeza maji walirudiwa asilimia 12, wengine asilimia 27.

Rangi nayo ni kipimo, ila inadanganya. Dawa ya TB yenye rifampisini hufanya mkojo uwe wa rangi ya machungwa, vidonge vya vitamini B, njano ya kung'aa, bitiruti, wekundu. Lakini ukikojoa rangi ya kola baada ya kazi nzito juani, usinywe glasi ukalale. Nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda misuli imevunjika na mabaki yake yanaumiza figo.

Nesi_wa_Mashine
Mkuu wa maabara kasema kweli, ila wanaomsoma ni wa aina mbili. Jiwe ni habari moja, figo iliyochoka ni nyingine. Ontario, Kanada, walichukua wagonjwa 631 wa figo wa hatua ya tatu, kundi moja likahimizwa kuongeza maji mwaka mzima. Majibu ya 2018: uongezaji wa maji haukupunguza kasi ya figo kushuka. Kwa hiyo anayesema "maji yanaosha figo" tumkanye mapema.

Kwa anayesafishwa damu hesabu ya kawaida ni mkojo wa jana jumlisha mililita 500. Aliyekojoa 300 ana 800 za leo, basi. Ndani yake kuna uji, supu, chai, barafu, maji ya kumezea dawa, hata tikiti. Njia inayosaidia: asubuhi jaza chupa kiasi chako chote. Kila ukinywa kitu kingine, mwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Ikiisha, imeisha. Mizani itakwambia kama umejidanganya: kilo moja iliyoongezeka tangu jana ni karibu lita moja iliyobaki mwilini.

Na mgonjwa akilalamika kiu, muulize chumvi kabla ya kumgombeza kwa maji. Dagaa wa chumvi na vile viungo vya unga vya pakiti ndivyo vinavyomkimbiza mtungini.

Madafu: kwa mtu mzima mwenye figo nzima, hayana neno. Ila mililita 100 zina potasiamu miligramu 250 hivi, kwa hiyo dafu la mililita 400 linakupa 1,000. Figo mbovu haiwezi kuitoa, na potasiamu ikipanda moyo hupoteza mapigo yake. Ndugu wanakuja wodini na madafu matatu kwa mapenzi kabisa.

Semi_Tunduma
Sisi wa masafa tunajinyima maji kusudi, choo hakuna njiani. Usiku ndiyo nakunywa lita mbili kwa mkupuo. Kuna ubaya?

Maabara_Zamu
Upo, mkuu. Figo hutoa karibu lita moja kwa saa, si zaidi sana. Lita tatu nne kwa mkupuo hushusha sodiamu (chumvi) ya damu: kichwa kuuma, kutapika, hata degedege. Na mbili zako za usiku haziokoi mchana, mkojo wa saa nane mchana ulishakuwa mzito. Nusu lita kabla ya kuwasha gari, kisha kikombe kila saa. Beba na chupa ya pili, yenye mdomo mpana, na uiandike isije ikachanganywa.

Bi_Lishe
Chai inahesabika kama maji, mtu asikutishe na kafeini ya vikombe viwili vitatu. Tatizo la chai ya rangi ni oksaleti. Arkansas, Marekani, kuna mtu figo zake ziliharibika kwa kunywa glasi 16 za chai ya baridi kila siku, karibu lita nne. Madaktari wakaiandika 2015. Tia maziwa: kalsiamu yake huishika oksaleti tumboni, ikatoka na choo. Ndiyo maana anayeacha maziwa kwa sababu "jiwe ni la kalsiamu" anajiongezea mawe.

Ndimu na limau husaidia kwa sababu ya sitreti, ambayo huishika kalsiamu kwenye mkojo isigande. Kiasi kinachotumika ni mililita 120 za maji ya limau, malimau matatu hivi, kwenye lita mbili, unywe kutwa bila sukari. Sukutua kwa maji matupu baadaye, asidi inakula meno. Jiwe la kalsiamu lililokwisha kujijenga haliyeyuki kwa limau.

Mbirimbi sasa. Kwenye achari na mchuzi hazina shida. Kuzikamua ukanywa juisi nzito "kushusha mafuta ya damu" ni hatari. Kerala, India, mwaka 2013 waliandikwa wagonjwa kumi walioharibika figo kwa juisi hiyohiyo, wengine wakaishia kwenye mashine. Ni oksaleti tena. Ndugu yake, karambola, lile tunda ambalo ukilikata vipande vinatoka umbo la nyota, mgonjwa wa figo asiliguse kabisa: huanza na kwikwi, akachanganyikiwa.

Soda: soma "kwa mililita 100" halafu zidisha. Kola ya chupa ya 350 ina sukari gramu 37 hivi, vijiko tisa vya chai vilivyosawazishwa. Vinywaji vya kuongeza nguvu havipishani nayo sana kwa sukari, juu yake kafeini.

Usalama_Kazini_Muscat
Kwa ndugu zetu walioko huku Ghuba kwenye ujenzi: Juni hadi Agosti Oman inakataza kazi ya juani saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Muda uliobaki ni kikombe cha mililita 250 kila dakika 15 hadi 20, usizidi lita moja na nusu kwa saa. Kiu ukiingoja umechelewa. Aliyetoka likizo au mgeni aanze na asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, aongeze 20 kila siku. Wakata miwa wa El Salvador na Nikaragua, vijana wasio na kisukari wala presha, wamekufa kwa figo kwa wingi. Joto na kazi nzito ndivyo vinavyolaumiwa zaidi, na dawa iliyopelekwa mashambani ni maji, kivuli na mapumziko.

Mfamasia_Kona
Naongeza lililosahaulika. Mwili ukikaukiwa, figo hujilinda kwa kupanua mishipa yake, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huzuia kinga hiyo. Mtu ana dawa ya presha kama losatani na ya kukojoza, anaharisha siku mbili, mgongo unauma, anameza diklofenaki: figo zinabaki bila kinga. Mwenye dalili hizo mimi namuuzia parasetamoli, na dawa zake za presha namwambia ampigie daktari leo, si wiki ijayo.

ORS, ule unga wa pakiti wa kunywa mtu akiharisha, nayo inaharibiwa kwenye kuchanganya. Pakiti ya lita moja inaingia kwenye lita moja, si kwenye glasi. Ikiwa nzito sodiamu inapanda na kuharisha kunazidi. Ukikosa pakiti: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Onja: isizidi uchumvi wa machozi. Ikifika saa 24, mwaga, changanya mpya.