Waliotoka Zanzibar wakahamia Omani baada ya 1970: tupeane uzoefu wa miaka ya mwanzo

Mwanzilishi wa mada

Assalamu alaikum. Naomba tukusanye hapa kumbukumbu za familia zilizotoka Unguja na Pemba na kuhamia Omani katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Sultani Qaboos. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalizitawanya nyumba zetu: wapo waliokimbilia Dar es Salaam na Mombasa, wapo waliofika Dubai, Kuwait, Cairo na Uingereza, na wengi hawakuweza kwenda Omani moja kwa moja kwa sababu Sultani Said bin Taimur hakuwafungulia mlango ila wachache. Mlango ulifunguka baada ya Julai 23, 1970, mwanawe Qaboos aliposhika nafasi ya baba yake na kuwaita Waomani wa nje warudi, na ndipo watu walipohamia nchi ambayo babu zao waliitaja kila siku ilhali wao wenyewe hawajapata kuiona.

Habari za siasa zimekwisha kuandikwa sana. Ninachotaka tuelezane ni namna watu walivyojifunza kukaa: walilala wapi wakati wa joto, maji waliyapata wapi, karatasi zao zilishughulikiwa vipi, na ni nani aliyewafundisha mambo ambayo kisiwani hayapo. Waliofika wakiwa watu wazima sasa ni wazee sana na kila mwaka tunawazika, kwa hiyo tusichelewe.

Naanza na kwetu. Baba alikuwa karani Unguja, akakaa Dar es Salaam kwa muda, kisha akafika Maskati mwaka 1971. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa inatoka katika hali ya kuwa na shule tatu na barabara ya lami ya takriban kilomita 10. Wizara zilikuwa zinaundwa, fedha za mafuta, ambayo yalianza kusafirishwa nje mwaka 1967, zilikuwa zimeanza kutumika, na mtu yeyote aliyejua kuandika barua ya Kiingereza, kutunza majalada na kupiga taipu alitafutwa. Baba alipata kazi kabla hajapata nyumba. Kwa maoni yangu, jambo hilo ndilo lililotutofautisha na wahamiaji wengi wa mahali pengine, kwa kuwa serikali ilituhitaji tangu tulipotia mguu, na sisi hatukujua hata namna ya kuipitisha adhuhuri moja ya mwezi wa Juni.

Bibi wa Mutrah

Waalaikumu salaam, mwanangu. Umeuliza habari ya joto, basi nianze hapo. Mutrah, mji wa bandari ulio jirani na Maskati, imezungukwa na milima ya mawe meusi ambayo hushika joto mchana kutwa na kulitoa usiku, hata upepo wa baharini ukivuma huwezi kupata nafuu uliyoizoea Mji Mkongwe. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja dogo. Mume wangu alidhani dari ikiwa juu itatosha, lakini haikutosha, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tunalala juu ya sakafu ya paa kama majirani wote.

Aliyetufundisha ni jirani yetu, mama wa Kibulushi, na mimi wakati huo Kiarabu changu kilikuwa cha kusomea Qur'ani tu, kwa hiyo alinionyesha kwa mikono. Alichukua shuka ya pamba, akaichovya katika debe la maji, akaikamua mpaka ikaacha kuchuruzika, akajifunika nayo ili nione. Ikikauka usiku wa manane unaamka na kuichovya tena. Kisha akaniletea jahla, chungu cha udongo kinachoning'inizwa kwa kamba mahali penye upepo. Udongo wake hupitisha unyevu kidogo kidogo, unyevu huo ukikauka maji ya ndani hupoa. Nilikining'iniza mlangoni, na watoto walikwenda kukigusa tumbo kila walipopita. Maji yenyewe tulinunua kwa debe, na ya kunywa tuliyatenga kabisa na ya kufulia, kwa sababu ya kufulia yalikuwa na chumvi.

Umeme na viyoyozi vilikuja baadaye, alhamdulillah, lakini nasema kweli kwamba bila ya mama yule tungerudi Dar es Salaam kabla ya Ramadhani.

Mzaliwa wa Sharqiya

Sisi hatukukaa mjini. Babu yangu aliondoka karibu na Ibra, mji wa Sharqiya, mashariki ya Omani, akiwa kijana, na ndugu zake waliobaki walimtunzia fungu lake la maji ya falaji miaka yote, ingawa hawakujua kama yeye au watoto wake watarudi. Baba alipofika na mkewe na watoto, ami zake walimwambia kwamba shamba ni dogo lakini maji yake yapo. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo.

Kwa asiyeifahamu falaji, ni mfereji unaoyatoa maji chini ya ardhi, kutoka kisima mama kilicho upande wa milimani, na kuyaleta kijijini kwa mteremko mdogo mno bila ya mashine yoyote. Jioni ya kwanza shangazi wa baba alimshika mama mkono, wakatembea naye urefu wote wa mfereji tangu pale maji yanapotokeza. Pale juu ni pa kuchotea maji ya kunywa tu, na hapatiwi mkono mchafu. Mbele kidogo ni msikiti, kisha mahali pa kuogea wanaume, kisha pa wanawake penye ukuta, na ndipo maji huingia mashambani. Mama alikuwa ametoka Pemba, mahali ambapo mvua ya masika humwagika mpaka watu wakachoka nayo, na hapo alikuta watu wanaogawana maji kwa wakati. Kila mwenye haki ana zamu yake, na kipimo chake huitwa athari, ambacho ni kama nusu saa. Mchana zamu zilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa nyota. Zamu ya baba ilipoangukia usiku wa manane, ami yake alikaa naye na kumtajia nyota moja moja, akamwonyesha ni ipi ikichomoza nyuma ya ukuta fulani ndiyo saa ya kufungua maji.

Kazi ya mitende nayo ilikuwa na elimu yake. Baba alikuwa mkwezi hodari wa mikarafuu, lakini mtende jike hauzai vizuri mpaka mtu aukwee na kuutia chavua ya dume kwa mkono, na hilo alifundishwa na kijana mdogo kuliko yeye, akakubali kufundishwa bila ya kuona haya.

Mstaafu wa Ruwi

Mimi nitaeleza habari ya karatasi, kwa sababu ndizo zilizoamua mengine yote. Ili utambuliwe ulihitaji kuonyesha kabila lako, na mara nyingi shahidi aliyekubaliwa alikuwa sheikh wa kabila kule bara ya Omani ambaye angesema kwamba fulani bin fulani ni wetu. Kwa familia zenye majina yanayojulikana jambo hilo halikuwa zito. Lakini wapo ambao babu alikufa mapema, au aliyehama ni babu wa babu, na hakuna aliyebaki kijijini wa kuwakumbuka. Hao walisafiri kwa gari za mizigo kupitia mabonde makavu, kijiji hadi kijiji, wakitaja majina ya watu waliokufa kabla wao hawajazaliwa. Mjomba wangu alizungushwa na ofisi moja muda mrefu kwa sababu jina la babu yake liliandikwa kwa namna mbili tofauti katika cheti cha Unguja na katika pasi ya kusafiria. Nililia siku alipopata, na hata leo naona halikuwa jambo la haki kumpima mtu mzima kwa herufi moja iliyokosewa na karani asiyemjua.

Wa Salalah

Nitasema machache. Baba alipelekwa Salalah wakati vita vya Dhofar, jimbo la kusini ya Omani, bado vinaendelea, na sisi tulimfuata baada ya kutangazwa kuwa vimekwisha, Desemba 1975. Wengi hawatarajii, lakini kule kuna minazi na migomba, na tangu Juni mpaka Septemba huanguka manyunyu ya kharifu, yaani msimu wa pepo za kusi, hata milima ikawa kijani. Mama alipouona mnazi wa kwanza aliomba gari lisimamishwe. Ukivuka milima ile kuelekea kaskazini, mvua hukatika na jangwa huanza.

Mwanzilishi wa mada

Nawashukuru sana nyote. Bibi, Mwenyezi Mungu akupe umri. Naomba sasa atokee mtu wa kueleza habari ya lugha, hasa kwa watoto walioingizwa shule na kwa akina mama walioajiriwa, maana katika nyumba yetu jambo hilo liliumiza kuliko joto.

Mwalimu mstaafu

Nami naungana nawe kwamba liliumiza. Mimi niliingia shule nikiwa na miaka ya kusoma darasa la juu, lakini kwa kuwa sikujua kuandika Kiarabu niliketishwa na watoto wadogo. Walimu wetu walitoka Misri, Sudan na Jordan. Walikuwa wema, ila hawakujua kwamba kimya changu hakikuwa ujinga. Wenzangu waliniita Zinjibari, yaani mtu wa Zanzibar, na sikuelewa kwa nini, kwa sababu Unguja nilikuwa nimeitwa Mmanga, yaani Mwarabu wa Omani.

Mama alikuwa muuguzi, na hospitali zilizokuwa zinafunguliwa zilimpokea mara moja. Kazini aliandika Kiingereza, na wenzake wengi walikuwa wa kwetu, kwa hiyo wakizungumza Kiswahili wodini waliokuwapo walidhani wanasengenywa. Palikuwa na malalamiko kwamba watu waliotoka Afrika wamepata nafasi nzuri mapema, na mama hakuyapuuza, kwa kuwa alijua waliobaki nchini walinyimwa shule kwa muda mrefu bila ya kosa lao. Alichofanya ni kujiandikisha katika madarasa ya jioni ya watu wazima, akakaa benchi moja na wanawake wa Batina, pwani ya kaskazini, ambao hawajapata kushika kalamu. Yeye aliwasaidia kuandika tarakimu, wao walimsahihisha matamshi ya herufi za Kiarabu ain na ha, na baadhi yao walikuja kuwa watu wa nyumbani kwetu kabisa, wakila wali wa nazi siku za Idi.

Kama yupo hapa aliyesoma katika madarasa hayo miaka ya 1970, au ambaye mama yake alisoma, tafadhali aeleze yalivyoendeshwa na vitabu gani vilitumika. Daftari la mama ninalo, lakini nusu ya kurasa zake zimekwisha kufutika.