Shule za Kikatoliki huku Marekani: Kwaresima ya watoto imeliwa na samaki wa Ijumaa

Wanajamvi, Tumsifu Yesu Kristo.

Uzi huu nimeufungua kwa hasira na siifichi. Unawahusu wazazi wenzangu wanaosomesha watoto kwenye shule za msingi za parokia huku Ohio, Indiana, Iowa na kwingineko katikati ya Marekani. Tumekuwa wengi humo, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, hasa tangu vocha za masomo, yaani pesa za serikali ya jimbo za kulipia ada ya shule binafsi, zilipofunguliwa kwa familia nyingi zaidi mwaka 2023. Wengi tunaona aibu kusema kwa sababu tunajiona wageni. Mimi nasema.

Kwa mlio nyumbani, eleweni kwanza hali ya hewa. Mwaka huu 2026 Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, ilikuwa 18 Februari na Pasaka ni 5 Aprili. Maana yake Kwaresima karibu yote iko ndani ya winta au kwenye tope la mwisho wa winta. Siku ya nyuzi 0 za Farenaiti (kama −18 za Sentigredi) yenye upepo wa maili 15 kwa saa, mwili unahisi −19 za Farenaiti, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Siku kama hizo watoto hawatoki nje. Machi theluji ikianza kuyeyuka mchana na kuganda usiku, uwanja unakuwa barafu asubuhi na tope mchana, na bado hawatoki. Mahali pekee pa kukimbia ni ukumbi wa shule.

Sasa sikilizeni. Shule nyingi za parokia zina ukumbi mmoja tu. Ukumbi huohuo ndio kantini saa tano na nusu, ndio darasa la michezo, ndio uwanja wa mpira wa kikapu, ndio mapumziko ya ndani baridi ikizidi. Na kila Ijumaa ya Kwaresima, kuanzia saa kumi na nusu jioni mpaka saa mbili usiku, ndio mgahawa wa samaki wa kukaanga. Kwa wasiojua: Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki hujinyima nyama, na ni desturi ya zamani ya parokia za huku kuuza sahani za samaki kwa majirani, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na faida inaingia shuleni. Desturi yenyewe siipingi. Inaleta watu, inalipa umeme, na wazee wanaoishi peke yao wanapata pa kukaa na wenzao.

Ninachopinga ni kufunga ukumbi tangu Alhamisi mchana "ili kujiandaa". Watoto wa chekechea mpaka darasa la nane wanamaliza Alhamisi na Ijumaa yote wakiwa vitini. Mapumziko yanageuka katuni ukutani. Chakula cha mchana wanakulia madarasani, makombo yanabaki chini ya madawati, na saa saba mwalimu anabaki na watoto 25 ambao miili yao inadai kukimbia. Kisha imeli inatumwa nyumbani kwamba mtoto "hakutulia". Atatuliaje? Mmemnyima mahali pa kukimbilia, tena wiki ya baridi kuliko zote.

Sababu wanayotoa ni kwamba samaki wanahitaji muda. Si kweli kwamba wanahitaji ukumbi. Tuhesabu. Sahani 300, kila sahani vipande 2 vya aunsi 4, ni ratili 150 za samaki, kama kilo 68. Wakija wamegandishwa kwenye maboksi ya ratili 10, hayo ni maboksi 15. Yanafunguliwa Jumatano usiku au Alhamisi asubuhi, vipande vinatandazwa safu moja kwenye trei na kuingizwa kwenye friji. Kinachoharibu kazi ni kuyaacha yamepangana vilevile ndani ya maboksi. Ijumaa saa kumi nje wamelainika, katikati bado ni jiwe. Hapo mtu anakimbilia maji ya moto, kosa kubwa, kwa sababu nje ya samaki panapata joto la kukuza bakteria huku ndani bado ni barafu. Au anawatumbukiza hivyohivyo wakiwa na maji, mafuta yanafura na kumwagika, joto linaporomoka, unga unanyonya mafuta badala ya kukauka, na mteja anapelekewa sahani inayovuja. Mafuta yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 350 na 365 za Farenaiti (177 mpaka 185 za Sentigredi), samaki wakaushwe kwa karatasi kabla ya unga, vipande vichache kwa mkupuo, na usubiri joto lirudi kabla ya mkupuo unaofuata. Ndani ya kipande pafike nyuzi 145 (63 za Sentigredi). Kachumbari ya kabichi ibaki chini ya 41 (5 za Sentigredi). Hayo yote yanafanyika jikoni na kwenye friji. Hakuna hata moja linalohitaji uwanja wa kikapu.

Kinachohitaji ukumbi ni meza na viti, na hiyo ni kazi ya nusu saa. Meza 40 za kukunja zenye magurudumu, watu 10 wazima, dakika 30 zimesimama. Tena ratiba yenyewe inawapa nafasi. Ijumaa saa nane mchana shule nzima iko kanisani kwa Njia ya Msalaba, sala ya kufuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo. Vituo 14, kama dakika mbili kila kimoja ukihesabu wimbo na kupiga magoti, ni karibu nusu saa. Watoto wanatoka saa tisa, milango ya samaki inafunguliwa saa kumi na nusu. Tangu saa nane hiyo mnazo saa mbili na nusu nzima! Pangeni meza wakati watoto wanasali, na mtakuwa mmewaachia ukumbi wao Alhamisi yote na Ijumaa mpaka baada ya chakula.

Na msiwashe mafuta saa tano asubuhi wakati foleni ya watoto wadogo inapita mlango uleule wa jikoni wakichukua maziwa. Hilo sitalieleza zaidi, mtu mzima yeyote anajua mafuta ya moto yanafanya nini. Wala msikate Njia ya Msalaba iwe vituo saba kwa sababu wapanga meza wana haraka. Kwa mtoto hiyo ndiyo Kwaresima yenyewe: kutembea na Yesu kituo kwa kituo, kuimba, kupiga magoti. Kama kanisa liko ng'ambo ya maegesho, wapeni dakika tano za kuvaa makoti na buti. "Ni hatua chache tu" si sababu ya kuwavusha na sweta kwenye upepo, wala ya kuwaacha wapige magoti na soksi zilizolowa.

La pili ni chakula, na hapa ndipo naumia zaidi.

Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa iko wazi. Kujinyima nyama kunamfunga aliyetimiza miaka 14. Kufunga, yaani mlo mmoja kamili na viwili vidogo, kunamfunga mwenye miaka 18 mpaka anapotimiza 59, na kwa hapa ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu. Ukiondoa baadhi ya darasa la nane, hakuna mtoto wa shule ya msingi anayefungwa na sheria hizi. Kanuni hiyohiyo inasema wachungaji na wazazi wahakikishe watoto ambao bado hawafungwi wanalelewa katika maana ya kweli ya toba. Kulelewa! Kumnyang'anya mtoto wa miaka 7 kipaja cha kuku alichofungiwa na mama yake aliyetoka shifti ya usiku, mbele ya wenzake, si malezi. Ni kumfundisha kwamba Ijumaa ni siku ya kuaibishwa. Mtoto ale. Mzazi apigiwe simu kwa upole jioni, au kalenda ya Ijumaa itumwe nyumbani mapema kwa lugha anayoisoma.

Halafu tazameni menyu ya hizo Ijumaa: piza ya jibini, makaroni na jibini, mkate wa jibini, piza ya jibini tena, na pakiti ya maziwa juu yake. Watoto wengi wenye asili ya Afrika matumbo yao hayapatani na maziwa. Mtoto anashika tumbo kituo cha sita, watu wanadhani amechoka kusali. Na wali maharage je? Chakula cha Ijumaa ya Kwaresima kwa nusu ya familia zetu, na kila mtoto wetu anakijua. Kisingizio kwamba kanuni za chakula cha shule cha serikali hazikiruhusu nimekisikia mara nyingi, na si cha kweli. Robo kikombe ya maharage yaliyopikwa inahesabiwa sawa na aunsi 1 ya nyama, na kiwango cha chini cha siku kwa chekechea mpaka darasa la tano ni hiyo aunsi 1. Nusu yai kubwa nalo linahesabiwa hivyohivyo. Maharage yalowekwe Alhamisi, yachemshwe Ijumaa asubuhi, sufuria mbili kubwa zinatosha shule ya watoto 200. Ni rahisi kuliko jibini.

Jambo la tatu ni boksi la karatasi la CRS Rice Bowl, mchango wa Kwaresima wa shirika la misaada la Kikatoliki la Marekani (Catholic Relief Services). Mpango huo ulianzia Allentown, Pennsylvania, mwaka 1975, na wazo lake ni zuri sana: familia inakula mlo wa kawaida usio na nyama, na kile ilichookoa kinaingia kwenye boksi. Robo ya pesa inabaki kwa wahitaji wa jimbo lenu la Kanisa, zinazobaki zinavuka bahari. Sasa shule zimeugeuza mashindano. Chati ukutani, darasa lililoleta nyingi linapewa pati ya piza au siku ya kuvaa nguo za nyumbani. Injili inayosomwa Jumatano ya Majivu ni Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Wiki hiyohiyo mnabandika chati! Mtoto ambaye nyumbani senti zinahesabiwa anapita mbele ya chati hiyo kila siku akiona darasa lake liko chini. Na picha za kampeni mara nyingi ni za familia za Afrika. Mwalimu akimgeukia mtoto wa Kikongo na kumuuliza mbele ya darasa kama kwao ndiko huko kwa njaa, amemjeruhi. Kampeni huja na mapishi yasiyo na nyama ya nchi hizo. Ombeni mama zetu waje wayapike, hapo mtoto atasimama kwa fahari.

Na kuuza chokoleti katikati ya Kwaresima, baada ya kuwaambia watoto waache pipi, acheni kabisa. Isogezeni baada ya Pasaka.

La mwisho ni saa za kujitolea. Mikataba mingi ya shule inadai kila familia itimize idadi fulani ya saa kwa mwaka, na zisipotimia zinageuka bili. Zamu za samaki ndizo zinazohesabiwa zaidi, na ziko Ijumaa saa kumi mpaka saa tatu usiku, wakati mzazi wa ghalani au wa kiwanda cha nyama yuko katikati ya shifti. Kwa hiyo maskini ndiye anayelipa faini. Wakati huohuo kazi za saa nyingine zimejaa: kukata kabichi Alhamisi asubuhi, kukunja maboksi ya chakula cha kubeba, kufunga uma na visu kwenye leso, kuchuja mafuta yaliyopoa Jumamosi asubuhi, kufua aproni. Zote zihesabiwe saa kwa saa. Na wazazi wenzangu, hili ni letu: tangu mwongozo wa maaskofu wa Marekani wa 2002, mtu mzima yeyote anayefanya kazi karibu na watoto anahitaji kuchunguzwa rekodi na kusoma kozi ya ulinzi wa watoto. Uchunguzi unaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukianza Jumatano ya Majivu umechelewa, utarudishwa mlangoni. Anza Januari, na kama lugha ni shida omba mkalimani kwa maandishi.

Zimebaki Ijumaa mbili kabla ya Ijumaa Kuu, tarehe 20 na 27 Machi. Nawaomba muandike kwa mwalimu mkuu na paroko, nakala kwa kamati ya samaki, mambo mawili tu kwa sasa: ukumbi ubaki wa watoto mpaka saa nane Ijumaa, na wali maharage uingie kwenye menyu walau mara moja. Mengine yaingie kwenye kikao cha kupanga mwaka ujao, ambapo Majivu ni 10 Februari, mapema zaidi, na baridi inaweza kuwa kali zaidi. Anayeandaa kalenda hiyo aandike na hili: 19 Machi 2027, sherehe ya Mtakatifu Yosefu, inaangukia Ijumaa. Kwa kanuni ya 1251, Ijumaa inayoangukiwa na sherehe kuu ya Kanisa kama hiyo haina kujinyima nyama. Siku hiyo wapikieni watoto kuku.